Jiwe la Mtu Aliye Hai

Vrezh alikuja Januari, theluji begani,
akaweka noti mezani kabla ya salamu.
Alitaka basalti, nyeusi tii,
kimo cha mlango. Jina: Hrachya.
Mwaka wa kuzaliwa, kistari,
na baada ya kistari, nafasi.

"Pole," nikasema. "Amefariki lini?"
"Bado. Anaishi mtaa wa pili.
Nataka alione akienda kununua mkate."

Baba alinifundisha kushika patasi,
hakunifundisha kukataa,
na Gyumri ni mji mdogo.
Nikaanza, basi, kama waanzavyo waoga:
basalti imeniishia.
Atangoja, akasema.
Nina foleni mpaka miaprikoti ichanue.
Akaongeza noti.
Kifundo cha mkono kinaniuma (na kweli kinauma,
hasa kwenye herufi zetu zenye viuno na mikia).
Mkono mgonjwa, akasema, huponywa na pesa,
akaongeza tena.

Hapo ndipo nilipoijua adabu yangu:
kila udhuru niliompa ulikuwa ngazi,
na mwenye kuiegemeza ukutani ni mimi.
Kuuma na kupuliza humfaa panya.
Mwenye kidole huamka asubuhi akichechemea,
asijue amtukane nani.

Nikazima jiko la kahawa.
"Vrezh. Jiwe ninalo. Nafasi ninayo. Mkono utapona.
Sitaki."

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.
Akataja shamba la mijozi, wosia, sahihi ya kughushi,
miaka kumi na mmoja bila salamu ya Pasaka.
Nilisikiliza. Kusikiliza sikukataa.
Kisha nikamhesabia noti zake, moja moja, kwa sauti,
nikamfungulia mlango, nikamwambia
chunga ngazi, kuna barafu.

Hakuaga. Kahawa yake niliinywa mimi,
imepoa, machicha tele.

Aprili, miaprikoti imevaa nyeupe,
akaingia mwingine: pua ile ile,
kubisha kule kule, kwa pete, mara tatu.
"Nataka jiwe," akaanza, "la ndugu yangu..."

Sikumuuliza amefariki lini.
Nilimvutia kiti, nikamimina kahawa,
na kabla sukari haijayeyuka
nilikuwa nimeshasema.