Maji Rangi ya Chai

Ziwa letu, juu kule kwenye misonobari,
lina rangi ya chai isiyotiwa maziwa:
majani, mizizi, mboji ya miaka elfu
ikilowa polepole, haina haraka na mtu.

Alfajiri nafungua kibanda cha pampu, theluji magotini,
napima klorini kwa kikombe cha marehemu Ezra Hynes
aliyenifunza kazi. "Usiwahurumie vijidudu, Selby.
Wao hawakuwahurumia wadogo zangu."
Wawili, wiki moja, homa ya matumbo.
Makaburi yao mafupi yako nyuma ya kanisa;
nayapita nikienda, nayapita nikirudi.

Basi natia dawa.
Dawa inaua, ndiyo kazi yake.
Ila ikikutana na mboji gizani, ndani ya bomba,
hufunga nayo ndoa pasipo shahidi,
na wana wao hawana rangi wala sura,
wana jina refu tu: trihalomethani.

Barua ya wizara imefika. Kikomo ni mia.
Sisi tuna mia na tisini na nne.
"Hatari ni ndogo," wameandika,
"huonekana baada ya miaka mingi ya kunywa."
Miaka mingi! Sisi hapa tuna nini kingine?
Wilfred Pynn alitolewa kibofu mwezi Machi.
Huenda ni maji. Huenda ni sigara,
alianza kuvuta ana miaka kumi na mbili.
Daktari aliinua mabega.

Oriel, mke wangu, anakinga maji ya chemchemi
kando ya barabara kuu, madumu manne kila Jumamosi,
maji ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.
Nikamwambia. Akanijibu:
"Angalau hayanuki kama wewe."
Na usiku huoga dirisha wazi, mvuke utoke,
Februari yote iingie.
Maji umeyavulia nguo; utayaoga ukitetemeka.

Kwenye mkutano, kichujio kilitajwa bei
tukacheka, kaya hamsini na tatu,
kicheko kile cha msibani.
Mtu wa nyuma akasema: si tuifunge tu hiyo klorini?
Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Leo mkono wangu ulikawia kwenye koki.
Nikapunguza robo.
Nje basi la shule lilikuwa linapakia;
nikawahesabu kupitia kioo chenye barafu: saba,
wa mwisho amebeba kiatu mkononi.
Nikairudisha robo yangu.

Kisha nikajaza birika.