Karani wa Mizani

Lala kwa ubavu wa kushoto, namwambia,
mkono chini ya kichwa, kama anayesikiliza godoro.
Jeli ni baridi. Anashtuka, anacheka,
anasema hata mbuta sokoni hapakwi barafu hivi.

Jina: Yonah Agalo. Umri: sitini na tisa.
Mshipa wa moyo uliziba Machi, usiku wa Jumapili.
Kazi ya zamani: karani wa mizani, kiwanda cha sukari, Muhoroni,
miaka thelathini na mmoja akipima matrekta ya miwa,
yakiingia yamejaa, yakitoka matupu,
tofauti akiiandika kwa wino wa buluu.

"Nawe wapima vivyo hivyo?"
Naam. Chemba ya kushoto ikijaa, naipima.
Ikijikamua, naipima tena.
Kilichotoka nakigawa kwa kilichokuwamo.

Chumba ni giza, pazia limeshikwa kwa pini.
Nje, mvua ya saa tisa inaipiga Kisumu mabati.
Kwenye kioo vali zinafunguka na kufumba
kama viganja vya mtu anayeanza dua, akaahirisha, akaanza tena.

Hapa.
Ukuta wa mbele.
Kuta nyingine zinakaza; huu umesimama tu,
kibarua ambaye hajalipwa tangu Machi.
Umekufa, au umelala?
Leo mashine hainiambii.

Thelathini na tatu kwa mia.
Napima tena: thelathini na sita.
Mara ya tatu, pumzi kaibana: thelathini na nne.
Kati ya namba hizo pana mstari,
na upande wa chini wa mstari madaktari huongea polepole.

"Miaka mingapi?" anauliza ukuta, si mimi.

Navijua vitabu. Vimehesabu watu wengi wenye moyo wa namna hii,
vinajua wangapi.
Havijui nani.
Kinywa changu kinasema, daktari atakueleza.

Ananyamaza. Kisha, kwa sauti ya kazini:
"Siku za mvua tulikata kidogo kwa ajili ya matope.
Wewe umekata ya nini?"

Sijakata kitu, mzee.
Fomu haina safu ya matope:
ya ngazi alizopanda kwa sababu lifti imeharibika,
ya chai isiyo na sukari, yeye, mtu wa Muhoroni,
ya Peres mkewe hapo kwenye benchi
akihesabu vidonge ndani ya leso, akikosea, akirudia.

Namfuta jeli. Anafunga vifungo, kimoja kimeruka tundu.
"Risiti," anasema. "Kwangu hakuna dereva aliyeondoka bila risiti."
Nakata karatasi ya picha, bado ina joto la mashine.
Anaisoma kichwa chini, miguu juu,
anaitia mfukoni.

Naandika thelathini na nne.
Naitazama.
Namwita anayefuata, mama mmoja wa Ahero,
na jeli, safari hii,
naitia kwanza kiganjani mwangu
mpaka ipate moto.