Kunoa Viatu vya Ilpo

Nje jua linachoma mabati ya Imara Daima.
Ndani, mimi na koti langu la mtumba
tunanoa vyuma vya viatu vya Mfini.

Misimu kumi na saba alikuwa mshambuliaji.
Hasimulii. Naisoma mwenyewe:
jino la mbele lililobaki Oulu,
goti lililoshonwa mara mbili,
kidole kisichokunjika hata kwenye kikombe cha chai.

Nilimuuliza, mabao mangapi?
Akapapasa kichwani kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.
“Sikumbuki. Nakumbuka moja nililokosa.
Goli wazi, sekunde tisa zimebaki,
mama jukwaani na chupa yake ya kahawa.”

Klabu ilimwachisha kwa simu.
Dakika nne, pamoja na kikohozi cha meneja.

Jumatano hufundisha watoto wa South B.
Mumo bado hajui breki, husimamishwa na ukuta.
Ilpo huinama, humsukumia kile kisahani cheusi,
na Kiswahili chake cha miezi sita:
“Usiangalie chini. Barafu iko tu.”

Jana stima ikapotea.
Barafu ikaanza kutoa jasho,
watoto wakatoka wakishikana makoti.
Yeye akabaki.
Nilisikia vyuma, krr, krr,
kisha kimya,
kisha gongo,
kisha wavu ukipumua.

Sikumuuliza kama lilikuwa lile.

Alinikabidhi viatu vikichuruzika:
“Noa vizuri, Kasyoka.
Kesho Mumo anajifunza kusimama.”