Mkalimani Ndani ya Chuma

Mara ya saba naenda Tukuyu kwa ajili ya namba moja,
flashi mfukoni nimeifunga nailoni ya maandazi,
Isyonje ukungu umelala barabarani kama ng'ombe
na pikipiki inaupigia honi kwa adabu.

Namba yenyewe: nane.
Makato ya maji kwenye jani la chai.
Jumatatu kiwanda kimesema nane, Alhamisi kimesema sita,
na mimi ile nane niliipigilia ndani ya programu
kama msumari ndani ya mninga,
nikaipitisha kwenye kompaila, ikatoka chuma:
chepesi kukimbia, kigumu kugeuka,
hakiulizi, hakirudi kuwa udongo.

Subilaga, karani wa mizani, alinitazama nikikwangua tope.
"Umetoka Mbeya kuja kufuta nane?"
Nikasema ndiyo.
"Kalamu ninayo," akasema.

Neno hilo nililala nalo Mwanjelwa, halikulala.

Chuma sikukivunja.
Nilikichimba chumba kidogo ubavuni
nikamkaribisha mkalimani.
Si mkubwa: kilobaiti mia mbili na ushee,
mgeni asiye na begi,
anakula kumbukumbu anayopimiwa kwa kibaba.
Anasoma mstari, anaupeleka kwa chuma,
anarudi kusoma unaofuata.
Nimewaona wakalimani wa mahakamani wakitia chumvi.
Huyu hana chumvi.

Nikampa madirisha matatu:
la kuuliza uzito,
la kuuliza saa na mvua,
la kutamka makato.
Mlango wa malipo sikumfungulia.
Mgeni ni mgeni, hata akijua lugha zote mbili.

Siku ya kwanza Subilaga aliandika:

     rudia mpaka unyevu uishe

na unyevu wa Rungwe hauishi.
Mizani iliganda kwenye kilo kumi na nne za Anyosisye,
foleni ikajikunja hadi migombani,
mtu akasema mashine imepagawa,
mwingine akasema hapana, inasali.
Ndipo nikamvisha mkalimani saa ya mkononi:
hatua laki moja, kisha nyamaza,
toka nje, taja mstari uliokukwaza.
Tangu hapo akianguka anaanguka peke yake.
Mizani inaendelea kupima.

Miezi miwili simu haikulia.
Nilifurahi. Kisha furaha ikaanza kuniwasha
kama sweta la mtu mwingine.

Alinipigia mara moja tu, kuomba dirisha la nne:
la ukungu.
"Na ukungu nani ataujibu? Hakuna kipimo."
"Mimi," akasema. "Ninatoka nje, ninaangalia."

Jana amenitumia faili lake lote, nihifadhi nakala.

     kama mvua ya usiku, na saa haijafika nne: sita
     kama ukungu peke yake: mbili

Mbili! Mimi niliyezaliwa Uyole,
niliyeamka na ukungu dirishani miaka ishirini,
niliuandika kuwa mvua
kwa sababu vyote viwili vinalowesha.

Lakini katikati ya amri zake kuna mistari mingine,
ile inayoanza na vistari viwili,
ambayo mkalimani huipita bila kugeuza shingo;
imeachiwa watu.

     -- ukungu hukauka ukiwa begani, mvua haikauki
     -- kikapu cha Tusajigwe kina tundu, maji yake humwagika njiani
     -- nane ilikuwa ya mtu aliye mbali

Huu wa mwisho niliusoma, nikaenda kuchemsha maji,
nikarudi kuusoma.

Sikujitetea. Chini yake nikaongeza wangu mmoja,
nikaurudisha Tukuyu bila pikipiki, bila tope:

     -- ndaga fijo

Asubuhi, saa moja na nusu, mizani imewashwa.
Mkalimani ameufikia, ameuruka,
upesi, kama nilivyomfundisha,
akaenda kuuliza ukungu.