Nati ya Nane

Zilifika na basi la usiku kutoka Mombasa,
tairi mbili zimefungwa kamba ya katani,
na utingo akanidai mia mbili zaidi
kwa kuwa, alisema, zilimkwaruza abiria miguu.
Nikalipa. Nikazikagua kwa kidole gumba:
meno ya inchi moja na robo, yamesimama kama makafi.
Zinanukia duka, zinanukia deni
la kikundi cha mke wangu, Dama,
aliyetia sahihi bila kuniuliza swali
ila hili: "Na yule punda, utamlipa lini?"

Punda ni habari ya Idi iliyopita.
Nilipanda tuta la mchanga hapa Mambrui,
nimempakia mgeni na kamera yake,
tairi zangu zimelika, upara mtupu,
kama kichwa cha mtoto siku ya arubaini.
Katikati ya mwinuko zikaanza kusota.
Nikaongeza mafuta. Zikachimba.
Nikaongeza. Zikachimba kwa bidii ya mchimba kisima
mpaka mashine ikakalia tumbo.
Aliyetutoa ni punda wa Mwanakombo, mbeba maji,
kwa kamba ya ndoo,
bila kelele wala petroli,
na watoto wa madrasa wakihesabu hatua zake kwa sauti.
Tangu hapo nikipita sokoni naulizwa,
"Kwadi yako imekula nyasi leo?"

Fundi Toya hana haraka na chuma.
Alipaka ukingo wa rimu sabuni ya kipande,
akaingiza mtaimbo, akaegemea, akaniambia shika.
Tairi kuukuu ikatoka ikilalama;
mpya ikakataa kuingia, kama mgeni
anayesubiri aambiwe karibu mara ya tatu.
Kompresa ikanguruma, ukingo ukalia pwa!
Kuku wakakimbilia chini ya benchi.

Lakini jino refu linataka nafasi.
Tulipozungusha gurudumu kwa mkono
likakwaruza madigadi: krrr.
Toya akachukua msumeno, akakata
upana wa vidole vitatu, nami nikageuza uso
kama mzazi kwenye jando.
"Na injini hii itachoka. Meno yanauma mchanga,
mchanga nao unauma."
Akaweka sproketi kubwa zaidi nyuma.
Utapoteza mwendo, akasema, upate nguvu; chagua.
Alikuwa ameshafunga.

"Shika hizi." Nati nane, za moto kwa jua,
nyingine kiganjani, nyingine mfuko wa shati,
naye akizipokea moja moja bila kutazama,
mkono wazi kama mtu anayedai chenji.

Saa tisa tukaenda kujaribu.
Nikapanda tuta kwa hasira ya miezi mitatu,
nikashindilia, na meno mapya
yakachimba kaburi zuri kuliko la kwanza.
Toya akaja akitembea, viatu mkononi.
Akachuchumaa, akafungua valvu,
akaacha pumzi itoke, nyingi, nyingi mno niliona,
mpaka tairi ikabonyea, ikatandaa kama chapati.
"Sasa nenda kama umebeba mayai."

Nikaenda kama nimebeba mayai.
Kila jino likashika, likaachia,
likashika, likaachia,
na ghafla hakukuwa na mwinuko tena,
kulikuwa na upepo, na paa za bati kule chini,
na mbele yangu, kileleni, alama za kwato ndogo,
laini, hazina jino hata moja,
zimeshafika, zimeshateremka.

Usiku Dama anafua shati langu.
Anatoa kitu mfukoni, anakiweka mezani
karibu na taa, hasemi kitu.
Nati. Moja.
Nahesabu kwa vidole: kulia nne; kushoto...
Nje mashine imetulia gizani
juu ya meno yake marefu, na mgeni wa kesho
amekwisha lipa nusu.
Natafuta tochi. Natafuta viatu.
"Spana," Dama anasema, akikamua shati,
"iko chini ya kitanda."