Baada ya Holo

Mimi ndiye niliyesogeza mkoba.
Nianze na hilo, nisije nikajifanya
siku ile nilikuwa miguuni pa Bwana.

Benchi la nyuma tulikuwa saba.
Mmoja alikumbuka simu, mwingine kikohozi,
mwingine mtoto asiyelia alihitaji kutolewa nje.
Akabaki Holo, na mkoba wangu wenye Biblia.
Nikarudi kunyata.
Nikauchukua.

Holo Maduhu, mkaanga mapanki wa mwaloni Igombe.
Macho mekundu, mekundu hasa,
kwa kuwa kwao Magu kuni ziliisha
mama yake angali mwari,
naye akapikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini
na moshi ukamla macho polepole.
Akafa ndama wa jirani.
Akafa mtoto.
Mvua ikakawia.
Usiku wakaja na tochi, na visivyo tochi.
Alitokea dirishani na kanga moja.

Hayo hatukumuuliza. Tuliyajua
kwa namna ile kijiji kinavyojua,
mkono mdomoni.
Watoto wetu tuliwafundisha:
ukinunua kwake, tazama samaki.

Shemasi Lushinge hakufundishwa.
Alikaa Butimba miaka saba kwa injini za mitumbwi ya watu;
mpaka leo wavuvi wakimwona
huinama kuhesabu boliti.
Kila Jumanne, lori la kiwandani likimwaga mapanki
na korongo wakijipanga kama wadai,
yeye alishuka mwaloni, akapindua ndoo, akakaa.
"Mwangaluka, mayu."
Akala kichwa cha sangara mpaka kwenye ubongo,
akalamba vidole, akalipa.
Hakubeba kijitabu. Hakufumba macho kuomba.
Tuliuliza kikaoni: hiyo nayo ni huduma?

Sisi tulikuwa na huduma.
Tulikuwa na fulana za njano, WAENDEENI WALIOPOTEA,
na kipaza sauti cha kukodi,
na fedha nilizitunza mimi, kopo la siagi, ufunguo shingoni.
Tungewaendea waliopotea Jumamosi saa tatu,
saa saba tuwe tumerudi, maana kulikuwa na pilau.

Kumbe aliyepotea alikuja mwenyewe,
kwa miguu, kutoka Igombe, na yeboyebo mbili zisizofanana.

Ikafika Meza.
Akasimama, akaenda mbele,
na nyuma yake ukaachwa uwazi
ambao trekta lingepita na tela lake.
Mchungaji akafuta ukingo wa kikombe,
akaufuta tena,
akatutazama.
Nje ziwa lilipiga mawe, likapiga mawe.

Andiko nalijua. Sura na mstari.
Mimi ndiye niliyeshinda chemsha bongo ya Biblia, jimbo zima,
zawadi beseni, ninalo mpaka leo.
Tabibu na wagonjwa, nalijua.
Mwenye ukoma na mkono ulionyoshwa, nalijua.
Na goti langu halikutaka kwenda.

Sijui niseme nini kuhusu zile hatua tisa.
Sikusikia sauti.
Nilimwona tu Lushinge, pembeni pa kinanda,
akitazama chini, akihesabu vidole vyake
kama mtu anayeogopa kumwaibisha mwenzake,
nikajua kwamba siku yake ya kwanza humu
mkoba niliousogeza ni huuhuu.

Nikapokea.
Ukingoni palikuwa na alama ya mafuta, nyembamba, nusu mwezi.
Niliweka mdomo papo hapo.
Divai ilinukia moshi.

Holo akafuta midomo kwa pindo la kanga,
akanigeukia na macho yale,
macho ambayo sikuwahi kuyatazama,
yana kope chache, yanatoka machozi bila kulia,
akaninong'oneza katikati ya ibada,
kama mwenyeji kwa mgeni aliyechelewa:
"Mwangaluka."

Cheti changu cha ubatizo kinasema mwaka themanini na saba.
Kina muhuri. Sibishani nacho.

Ndoo pale mwaloni ziko mbili.
Jumanne anayewahi hukaa.