Pasi Yangu Ukutani

Mhina aliniazima pasi majira ya baridi ya sabini na moja,
Mtaa wa Barton, Hamilton,
nyumba ambayo mabomba yake yalikohoa kutushinda sisi.
Alisema: kesho asubuhi, Bi Mwanakheri.

Kwao Korogwe alikuwa mchora matangazo.
Sabuni, betri, mafuta ya nywele:
kuta za maduka ziliujua mkono wake kabla ya jina.
Hapa alishika zamu ya usiku kwenye tanuri la chuma,
akarudi na majivu kwenye kope,
akachora mchana, pazia limefungwa,
kopo la nyanya kubwa kuliko kitanda chake.
Akalala chini yake kama mtu aliyepanga chumba rafuni.

Nani atanunua kopo, Mhina, nalo halina hata nyanya?
Akacheka. Akaandika chini, herufi nene za samawati:
BEI UMEIONA, THAMANI JE?

Mnunuzi wa kwanza alikuwa daktari wa meno.
Alilitundika pale wanaposubiri wenye mashavu yaliyovimba.
Kisha wakaja wa Toronto, na miwani yao mizito,
wakaandika kwamba amebuni jambo jipya,
picha yenye mdomo.
Jipya! Mama yake alilivaa kiunoni
akipita makusudi mbele ya nyumba ya mke mwenza,
na mke mwenza akalisoma, akaelewa,
akafunga dirisha.

Alipata jina. Jina likapata nyumba yenye bustani,
mke, talaka, mke.
Mwaka wa nishani mkono ukaanza kutetemeka;
mistari iliyonyooka kama reli ikapinda,
wataalamu wakasema: kipindi cha pili.
Mimi nikasema: uzee.
Hakuna aliyeniandika.

Leo kiingilio ni dola kumi na nane, wazee kumi na nne.
Ukumbi wa tatu, ukuta mzima: pasi.
Ya waridi, waya mweusi umejiviringisha,
na kwenye ncha, kovu.
Niliiangusha siku ile ya barua ya msiba.
Chini yake, kwa Kiswahili, bila tafsiri:
KESHO ASUBUHI.

Kijana wa ulinzi ananiomba nirudi nyuma ya mstari.
Nimweleze nini? Kwamba nilinunua nyingine
wiki ileile, kwa hasira,
na haikuwahi kushika moto vizuri?

Nanyoosha mkono, kidole kimoja tu,
nilichokilowesha mate,
nione kama bado ina moto.

Kengele inalia.